Der, Die, Das na Kopo la Shilingi

Mwaka jana, nikiwa nimetimiza miaka 66, nilikwenda dukani hapa Tanga nikanunua madaftari mawili ya mistari. Mwenye duka, niliyemfundisha alipokuwa kidato cha pili, aliniuliza kama nimeanza kufundisha twisheni. Nikamwambia la, safari hii mwanafunzi ni mimi. Juu ya daftari la kwanza niliandika Kijerumani, juu ya la pili Kihispania. Nikaketi barazani, nikapiga safu tatu kwa rula kama nilivyokuwa nikiwaamuru wanafunzi wangu wapige, na kichwani mwa kila safu nikaandika neno moja: der, die, das.

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, sikuingia katika kazi hii kwa kutafuta starehe ya uzee. Nilisukumwa na aibu. Naomba niwasimulie, kwa sababu ndani ya aibu hiyo mna jambo linalotuhusu sote tunaojiita walinzi wa Kiswahili.

Nina mjukuu mmoja wa kike, mwenye miaka saba. Anaishi Leipzig, Ujerumani. Baba yake ni mwanangu wa pili, na mama yake ni mzaliwa wa Córdoba, kusini mwa Hispania. Shuleni na barabarani mtoto husema Kijerumani. Kwa mama yake husema Kihispania. Kiswahili alikuwa na maneno mawili tu, "asante" na "Bibi", na hata hilo la pili lilikuwa na matatizo. Wajerumani wana hadithi za watoto zinazopendwa sana, za msichana mchawi aitwaye Bibi Blocksberg. Kwa muda mrefu mjukuu wangu aliamini kwamba mama wa baba yake ni mchawi, na kwamba ukoo mzima unalijua jambo hilo na wala hauoni tatizo.

Kila Jumapili tulikuwa tukitazamana kwenye simu, na mwanangu akikaa katikati kutafsiri. Jumapili moja aliondoka kidogo kwenda jikoni. Mtoto akaniambia jambo refu. Sikuelewa hata neno, basi nikatabasamu, kama tufanyavyo watu wazima tusipoelewa. Akanitazama, akalirudia polepole. Nikatabasamu tena, na safari hii nikaongeza kutikisa kichwa kwa furaha. Akaiweka simu mezani, nikabaki natazama dari la nyumba ya watu. Mwanangu aliporudi ndipo nikajua: paka wao alikuwa amekufa asubuhi ile, na mtoto alitaka bibi yake ampe pole.

Usiku huo nilimwuliza mwanangu, kwa ukali kidogo, kwa nini hakumfundisha mtoto Kiswahili. Alikaa kimya kwa kitambo. Kisha akasema, bila hasira, "Mama, nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa na faini."

Niwaeleze habari ya faini hiyo. Baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilifundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari kwa miaka 34. Kila Januari nilishuhudia jambo lile lile: watoto waliosoma kwa Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi wanaingia kidato cha kwanza, na mara Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Watoto hodari walikaa kama mabubu. Nikaapa kwamba wangu hawatakuwa miongoni mwao. Nikaweka kopo tupu la maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo, nikatangaza kwamba kuanzia chakula cha jioni hadi saa ya kulala, nyumba yetu ni ya Kiingereza. Atakayeteleza atatia shilingi 10 kutoka katika fedha yake ya maandazi. Mchana nilifundisha ngeli na arudhi. Jioni nililinda kopo.

Wanangu walifaulu, sikatai. Lakini walijifunza pia somo ambalo sikuliandika ubaoni, kwamba lugha ya mama yao ni kosa linalolipiwa. Yule wa pili hakuwa na maneno mengi tangu utotoni, na baada ya kopo akawa hasemi kabisa mezani. Aliniambia kwamba alipopata mtoto, kila alipofungua kinywa amwimbie au ambembeleze kwa Kiswahili, alisikia sarafu ikianguka ndani ya bati.

Sikuwa na jibu. Niliona tu kwamba kabla sijamdai mjukuu lugha yangu, inanipasa kwanza nizibishie hodi lugha zake. Ndipo nikanunua madaftari.

Nianze na safu zangu tatu. Kijerumani huzigawa nomino zake mafungu matatu: ya kiume, ya kike, na yasiyo ya kiume wala ya kike. Kila fungu lina kijineno chake kinachoitangulia nomino. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Vyote vitatu hulala katika droo moja, lakini kimoja ni mwanamume, cha pili mwanamke, na cha tatu hakimo huku wala kule. Kwa wiki nzima nilitafuta sababu. Mwalimu aliye ndani yangu hakukubali kwamba jambo linaweza kuwa hivyo bila kanuni. Kanuni zipo, lakini ni chache: nomino zinazoishia na -ung, -heit na -keit ni die, zinazoishia na -chen ni das. Kwingine unakariri.

Nikawakumbuka wageni walioniuliza, enzi zangu za kazi, kwa nini mti mmoja uwe na mzizi katika U-I, tawi katika LI-YA na mbegu katika I-ZI. Nilikuwa nikicheka na kuwajibu kwamba mtaizoea. Sasa Kijerumani kilikuwa kikinijibu jibu lile lile, na nililiona jinsi lilivyo chungu kwa aliye nje ya mlango.

Hata hivyo, nilipolinganisha, niliiona ngeli kwa jicho jipya. Nomino ya Kijerumani mara nyingi haina alama usoni. Ukilitazama neno Löffel hulijui ni la fungu gani mpaka uambiwe. Kitabu chetu kimevaa ki- yake kichwani, nayo haikai peke yake: "Kitabu changu kizuri kimepotea." Mara nne imepita katika sentensi ya maneno manne. Mjerumani atasema "Mein schönes Buch ist weg", na fungu la kitabu litaonekana katika mkia wa kivumishi tu. Kitenzi hakina habari. Kwa miaka 34 niliwafundisha watoto upatanisho wa kisarufi kama orodha ya makosa ya kuepuka. Sikuwahi kuwaambia wasikilize jinsi unavyolia. Ninyi watunzi mnajua: sauti hizo zinazojirudia ndizo zinazotupa nusu ya vina vyetu kabla hatujaanza kutafuta.

Neno lililonikalisha kitako lilikuwa Mädchen, yaani msichana. Ni das. Msichana hayumo katika fungu la kike! Nilitaka kulifunga daftari. Kisha nikauona ule mkia, -chen. Ni udogo. Ni ndugu wa ki- yetu ya kitoto na kijumba, na kila nomino inayoubeba huingia katika das, kama sisi tunavyomhamisha mtoto kutoka A-WA tukasema "kitoto kimelala". Lakini tazameni tofauti. Sisi tuna kijana, kipofu na kiziwi, maneno yaliyovaa ki-, na bado tunasema "kijana amefika", hatusemi kimefika. Kwetu, mtu asipokusudiwa kudogoshwa, uhai wake hushinda umbo la neno. Kwao, katika kijineno kile cha mbele, umbo limeshinda. Sisemi nani ni bora. Nasema tu kwamba nimeifundisha "kijana amefika" mara elfu, na sikuwahi kuona uamuzi uliomo ndani yake mpaka nilipokutana na Mädchen.

Baada ya hapo ukaja mlima wa pili. Vile vijineno vitatu havitulii. Hubadilika kufuatana na kazi ya nomino katika sentensi. Mtu anayetenda ni der Mann, anayetendwa ni den Mann. Kwa hiyo Mjerumani anaweza kusema "Der Hund beißt den Mann", mbwa anamwuma mtu, kisha akageuza, "Den Mann beißt der Hund", na bado mwumaji ni mbwa. Kijineno kimemshika mkono, hapotei.

Hapa naomba watunzi wa mashairi wanisikilize kwa makini. Tunayo ruhusa tunayoiita kuboronga sarufi: kuupangua mpangilio wa maneno ili kina au mizani ikae sawa. Tumezoea kuieleza kama upendeleo apewao mshairi. Lakini kwa nini Kiswahili kinastahimili kuborongwa bila kuvunjika? Chukua "Kisu kimemkata mtoto." Pangua: "Mtoto kisu kimemkata." Pangua tena: "Kimemkata mtoto kisu." Aliyekata ni yule yule, kwa sababu ki- ndani ya kitenzi inanyoosha kidole kwenye kisu, na -m- inanyoosha kwenye mtoto. Kazi ambayo Mjerumani ameiweka katika der na den, sisi tumeiweka ndani ya tumbo la kitenzi. Basi ruhusa hiyo imetoka kwa ngeli, na mtunzi asiyeijali ngeli anakata tawi alilokalia. Ndiyo maana pia sentensi yenye nomino mbili za A-WA huleta mashaka ikipanguliwa: "Mtu mbwa amemwuma" humfanya msomaji asimame aulize nani kamwuma nani. Nimesahihisha mashairi ya wanafunzi kwa miaka mingi nikiandika pembeni "haieleweki", bila kuweza kuwaambia kwa nini.

Wajerumani nao wana kuboronga kwao, ila kwao ni sheria. Ukisema weil, yaani kwa sababu, kitenzi hutupwa mwisho kabisa. Sentensi ya kwanza ndefu niliyoitunga mwenyewe ilikuwa hii: "Ich lerne Deutsch, weil ich mit dir sprechen will." Neno kwa neno: najifunza Kijerumani, kwa sababu mimi na wewe kuzungumza nataka. Lile "nataka" linangoja mpaka kila mtu amekwisha kupita ndipo liingie. Vitenzi vingine hukatwa vipande viwili. "Nitakupigia simu kesho" ni "Ich rufe dich morgen an", na kile kipande cha mwisho, an, kisipofika, simu haijapigwa. Imenibidi nijifunze kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi. Katika umri wangu hilo si somo dogo, wala sikuwa na sifa hiyo nilipokuwa nalinda kopo.

Nilipochoka nilijiliwaza kwa kumkumbuka Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Alisafiri njia hii hii kwa upande wa pili. Naye aliketi na kuzipanga ngeli zetu katika safu, na mwaka 1850 sarufi yake fupi ya Kiswahili ilichapishwa Tübingen. Wajerumani waliokuja baadaye hawakuja kujifunza bali kutawala, na lugha yao ikatuachia maneno machache. Moja ni shule. Jingine ni hela, lililotokana na Heller, sarafu ndogo ya koloni lao iliyotumika tangu mwaka 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Nilipokuwa naliandika neno hilo daftarini, niliinua macho nikalitazama kopo. Lipo hadi leo, natilia humo vifungo na pini.

Kihispania nilikianza miezi mitatu baadaye, nacho kilinipokea kama shangazi. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na husomwa karibu kama zetu. Baada ya ü na ö za Kijerumani, ulimi wangu ulijinyoosha kitandani. Ile ñ ni ny yetu. Kesho ni mañana, na msichana mdogo ni niña. Kivumishi mara nyingi hukaa nyuma ya nomino na kuifuata kwa umoja na wingi: casa blanca, nyumba nyeupe, casas blancas, nyumba nyeupe nyingi.

Kitenzi chake humbeba mtenda kama chetu, ila sisi tumemkalisha mbele, wao wamemkalisha mkiani. Ninasema, unasema, anasema: hablo, hablas, habla. Haja ya kutamka "mimi" au "wewe" hakuna, kwa kuwa mtu yumo ndani ya neno. Kwa Kijerumani nilikuwa nimezoea kumtaja ich kila mara kama mtu anayejigonga kifua. Na nilipofika kwenye "te quiero", nililipasua kama nilivyokuwa nikipasua vitenzi ubaoni: te ni -ku-, quier- ni -pend-, na ile -o ya mwisho ni ni-. Vipande vya "ninakupenda" vyote vimo, vimepangwa kwa zamu nyingine.

Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, ser na estar, ambavyo huwatesa wengi. Mtoto ni mwanafunzi: es. Mtoto yuko nyumbani: está. Mimi havikunitesa, maana lugha yangu imenizoesha tangu utotoni kwamba "ni" ni jambo moja na "yuko" ni jingine. Tena sisi tumekwenda mbali zaidi: yupo, yuko, yumo. Niliona fahari kidogo, nikajikemea, kisha nikaona fahari tena.

Yapo pia maneno niliyokutana nayo kama jamaa waliopotezana sokoni. Sukari ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Fulani ni fulano. Msikiti ni mezquita, na katika mji wa mkwe wangu jengo mashuhuri kuliko yote linaitwa hivyo hadi leo, ingawa sasa ni kanisa kuu. Taarifa yetu ina pacha aitwaye tarifa, ambaye kwao amekuwa orodha ya bei. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wao wa mwisho ukaanguka mwaka 1492. Huku kwetu Kiarabu kilikuja na pepo za kaskazi na biashara. Mbegu za ghala moja zikaota pwani mbili zisizojuana. Hata "hata" yetu ya zamani, ile ya "tangu asubuhi hata jioni", ipo: wakiagana husema "hasta mañana". Hata kesho. Nilipolitamka mara ya kwanza kwa mkwe wangu, kisha nikamweleza asili yake, alinyamaza, akamwita mama yake kwenye simu nyingine ili na yeye asikie.

Msidhani mambo yaliteleza tu. Miezi minne baada ya kuanza, mjukuu wangu alinitumia ujumbe wa sauti akitaka tuzungumze sisi wawili peke yetu, bila baba. Saa aliyoitaja ilikuwa "halb acht". Acht ni nane, halb ni nusu. Nikasema, saa mbili na nusu usiku kwa saa za kwao. Nikaongeza saa moja, kwa kuwa ilikuwa majira yao ya joto, nikapata saa tatu na nusu kwa saa zetu. Nikapiga. Alijibu mwanangu kwa sauti ya chini: mtoto alingoja mpaka akalala. Kumbe "halb acht" ni nusu ya kuiendea nane, yaani saa moja na nusu. Mjerumani huitaja saa inayokuja, sisi huitaja iliyopita. Nililala vibaya. Nilikuwa nimewahi kumchapa kijana mmoja kwa kuchelewa, akaniambia alikosea saa, na sikumwamini.

Jumapili iliyofuata nilipiga saa mbili na nusu kamili. Nilikuwa nimeandika sentensi zangu kwenye karatasi. Nikamwomba msamaha, kisha nikasoma ile niliyoiandaa kwa siku nyingi: "Wie hieß die Katze?" Paka aliitwa nani?

Alinikodolea macho. Tangu paka afe ilikuwa imepita karibu nusu mwaka. Kisha akaanza kusema. Aliisimulia habari yote upya, na mimi nilikamata pengine neno moja katika kila matatu, lakini nilijua wakati wa kutabasamu na wakati wa kutotabasamu. Paka aliitwa Luna. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alikuwa mweupe na Luna ni mwezi. Akanieleza, kwa ukali wa mwalimu, kwamba kwa Kihispania mwezi ni wa kike, la luna, na jua ni la kiume, el sol. Lakini kwa Kijerumani mwezi ni der na jua ni die, kwa hiyo kwa Kijerumani jina lile lisingefaa. Akauliza: na kwa lugha yako, Bibi, mwezi ni nani?

Nilimwambia kwamba kwetu mwezi si mwanamume wala si mwanamke. Mwezi ni wa jamaa ya mti, mto, mlima na moyo. Alifikiri kidogo, akasema hiyo ni jamaa nzuri. Nimefundisha ngeli ya U-I miaka yangu yote na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisifu.

Tangu siku hiyo tunafundishana. Ananisahihisha der na die, nami nampa ngeli, moja moja, bila kopo. Nilimweleza kwamba ki- yetu ni -chen yao. Akauliza papo hapo: mbwa mdogo, Hündchen, ni "kimbwa"? Mkono wangu wa zamani ulitafuta kalamu nyekundu. Ni kijibwa, kila mtu anajua. Lakini mtoto alikuwa ameishika kanuni na kuitumia kwenye neno ambalo hajapata kulisikia likidogoshwa. Kosa lile lilinithibitishia kwamba ameelewa. Nikamwambia, "Umeweza." Kijibwa nilikileta Jumapili iliyofuata, ndani ya hadithi, akakiokota mwenyewe.

Nimekuwa mmoja wa wanaonung'unika kila wasikiapo "vitabu zangu" redioni na mitaani. Bado yananiuma masikio. Ila sasa kabla ya kunung'unika najiuliza: huyu asemaye hivi, nani alikaa naye mezani? Sarufi nilizozianza nikiwa na miaka 66 nimezipata kwa daftari, rula na machozi kidogo. Ile ya kwanza sikujifunza kwa daftari. Nilipewa na mama yangu bila mwenyewe kujua kwamba anatoa kitu. Mimi niliyesomea jina la kila kipande chake ndiye niliyeitoza bei.

Mwezi uliopita nilimtumia mwanangu ubeti mmoja, nikamwomba amsomee mtoto kwa sauti, mezani, wakati wa chakula cha jioni:

Mjukuu wa moyoni, salamu nakutumia,
Nilizotoza mezani, leo nakurudishia,
Zikuingie kinywani, uzitamke kwa nia,
Lugha, mtoto, nyumbani, ndipo inapoanzia.

Alisoma. Nilimsikia kwenye simu, sauti yake ikikwama kidogo katika mshororo wa pili. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kwamba mshororo wa mwisho nimeuboronga sarufi. Nikamwambia ni kweli. Nilifurahi kwamba bado anaona.